Siku Nilipokuwa Mgeni Rasmi wa Chekechea

Mimi ni mtu wa maneno. Nasema hivyo bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo, kwa sababu hapa Mbuba na vijiji vya jirani ni familia chache zinazopokea posa bila kwanza kupita kwangu kuuliza kama Jumamosi hiyo nina nafasi. Wengine wana ng'ombe, wengine wana watoto walioko Mwanza wanaotuma vitu. Mimi nina ulimi. Mke wangu husema afadhali ningekuwa na ng'ombe.

Lazima niieleze kazi hiyo, maana yote yaliyonikuta yalitokana nayo. Kwetu sisi ambao wazazi wetu walivuka mpaka kutoka Burundi, na kwa majirani zetu wengi wa hapa Ngara, posa haiendi moja kwa moja. Upande wa kijana unakuja na msemaji wake, na upande wa binti unamsubiri na msemaji wake. Msemaji wa wageni anaomba. Msemaji wa wenyeji anakataa. Anakataa kwa adabu na kwa ufundi: anasema hapa hakuna binti, labda mmepotea njia. Akibanwa anasema binti yupo, ila amekwenda kuwa mtawa. Akibanwa zaidi anasema huyo mnayemtaka hajajua hata kuosha sahani. Watu wanacheka, pombe ya ndizi inazunguka, wageni wanaomba upya kwa maneno mengine, na jua likishaanza kuinama ndipo mwenyeji anakubali. Kila mtu pale anajua tangu asubuhi kwamba jibu ni ndiyo. Lakini mwenyeji anayesema ndiyo mara ya kwanza huonekana kama anamtupa mtoto wake. Mimi nimekaa upande wa kukataa kwa miaka mingi, na watu wanasema ninakataa vizuri.

Mwanzoni mwa mwaka, binti yangu ambaye ni muuguzi wa zahanati huko Nemba, wilaya ya Biharamulo, alituletea mwanawe wa kike wa miaka mitano akae nasi. Zamu zake za kazi zilikuwa hazitabiriki na msichana wa kumsaidia alikuwa ameolewa. Tulimpokea mjukuu wetu kwa shangwe, na wiki ileile tukamwandikisha chekechea iliyo chini ya kilima, darasa moja la matofali ya kuchoma lililoezekwa bati, na uwanja wa nyasi mbele yake.

Nyumbani alikuwa mtoto wa kuomba. Sijaona mtoto anayeomba kama yule. Aliomba maji, aliomba chumvi zaidi kwenye viazi, aliomba nimbebe, aliomba nimshushe, aliomba kujua kwa nini mbuzi hana viatu. Nilikuwa nikikaa tu, sauti inatoka mlangoni: "Babu, naomba." Nililalamika kwa bibi yake kwamba mtoto ananimaliza. Uongo mtupu, nilifurahi sana.

Shuleni ilikuwa habari nyingine. Kule Nemba alizoea kucheza na watoto kwa Kisukuma na Kisubi, na kwa mama yake Kiswahili. Hapa wenzake uwanjani wanapigana na kupatana kwa Kihangaza na Kirundi, naye akasimama pembeni akiwatazama, na kutazama kukawa tabia. Januari ikaisha hajasema neno darasani. Februari ikaisha. Mwalimu wao, dada kijana aliyetoka Nyantakara, naye mgeni huku kama mjukuu wangu, akanisimamisha njiani siku moja, akanipa shikamoo, akaniambia kwa upole kwamba ana wasiwasi. Mtoto akiitwa jina haitiki. Akitaka kwenda msalani hasemi, na mara mbili tatu ameishia kujilowesha.

Nikamwambia mwalimu asihangaike, mtoto wa ukoo wangu hawezi kukosa maneno, yanahitaji kuamshwa tu. Jioni hiyo nikamsimamisha juu ya kigoda, nikamwambia sasa wewe ni msemaji, nyoosha shingo, weka mkono mmoja nyuma, watazame watu usoni. Watu walikuwa mimi, bibi yake na jogoo. Alinitazama kidogo, midomo ikatetemeka, akaangua kilio. Bibi yake akamshusha na kunikataza kabisa kumwamsha mtoto maneno.

Masika yakaingia, na chekechea ikachangamka. Mwalimu alibandika tangazo mlangoni la mambo ya msimu: kila mtoto alete kopo la kuotesha maharage, kila mzazi alete mche wa kupanda kando ya uwanja, siku fulani watoto watapimwa uzito, na mwisho wa yote itakuwepo Siku ya Wazazi, kabla mashamba ya maharage hayajahitaji kila mkono. Nilipita pale karibu kila asubuhi nikaona makopo yamepangwa dirishani, yale ya maziwa na ya rangi, kila moja na udongo wake. Kulikuwa na asubuhi moja baada ya mvua ambapo kumbikumbi walitoka kwenye kichuguu nyuma ya darasa, na mwalimu akajikuta anafundisha kuta. Hata mimi nilikuwa kichuguuni na kofia yangu, kwa hiyo siwezi kuwasema watoto.

Ni wakati huo mwalimu aliniletea habari iliyonipa moyo. Alimkuta mjukuu wangu dirishani, ameinamia kopo lake, anaongea na mharage. Alikuwa anaunong'oneza polepole, anauomba uote. Mwalimu alirudi nyuma kwa vidole ili asimshtue. Akaniambia kwamba sauti ipo, na kwamba yeye atatafuta namna ya kuitoa.

Jambo moja tu lilikuwa linawashinda pale, nalo ni uji. Watoto wengi hutoka mbali na chai ya asubuhi ni bahati, kwa hiyo uji wa saa nne ndio unaowashikilia. Ulikuwa ukipikwa nje, mafiga matatu kando ya ukuta, na kipande cha bati kimeegemezwa juu. Kiangazi hakuna taabu. Masika, mvua ikija ya kulala ubavu kwa upepo, moto unazimika, kuni zinalia, na mama mpishi anabaki kupuliza hadi macho yanakuwa mekundu. Siku nyingine uji ulitoka saa sita, siku nyingine haukutoka. Watoto walilala juu ya madawati. Nililijua jambo hilo kama kila mtu alivyolijua, nikasema kama kila mtu alivyosema, kwamba kweli inabidi kitu kifanyike.

Juma moja kabla ya Siku ya Wazazi, mwalimu alikuja nyumbani na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, wakaniomba niwe mgeni rasmi. Niliwakaribisha kwa utulivu mkubwa, nikasema nitaangalia ratiba yangu. Sina ratiba. Baadaye nilisikia kwamba nilikuwa mtu wa tatu kuombwa: wa kwanza alikuwa na msiba, na wa pili alisema atakuja barabara zikikauka. Lakini siku ile sikujua, na nadhani hata ningejua ningeona ni kawaida, kwamba walianza na watu wadogo wakapanda.

Juma zima niliandaa hotuba. Niliifanyia mazoezi migombani, nikiinyoshea mkono mikungu. Mjukuu wangu naye alikuwa na kitu anakifanyia mazoezi, maana nilimwona mara kadhaa nyuma ya nyumba akitembea na kusimama, akitikisa midomo bila sauti. Sikumuuliza. Nilikuwa na shughuli.

Siku yenyewe nilivaa koti langu la posa, lile la kijivu, na kwa kuwa njia ilikuwa tope tupu nilivaa mabuti ya mvua nikabeba viatu kwenye mfuko. Mpango wangu ulikuwa kubadilisha nyuma ya choo cha shule na kujitokeza nikiwa msafi. Nilisimama mguu mmoja, nikateleza, soksi ikaingia topeni, na mgeni rasmi akatokea mbele ya wazazi akiwa na soksi moja. Nilikaa kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa nikauficha mguu ule nyuma ya mwingine.

Ilikuwa shughuli nzuri, lazima niseme. Watoto walituonyesha makopo yao, na maharage mengine yalikuwa yamepanda hadi kwenye nondo za dirisha. Waliimba wimbo wa mvua kwa kupiga vidole kwenye viganja, kwanza kidogo kidogo, halafu kwa nguvu. Mtoto mmoja alisahau wimbo katikati akaanza mwingine, na wenzake wakamfuata. Niliwapigia makofi huku moyoni narudiarudia aya ya pili ya hotuba yangu. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa Burundi, lakini nilipima kwa jicho nikaona litanisubiri.

Kisha mwalimu akasema sasa watoto wana ombi kwa mgeni rasmi, na akamleta mbele mjukuu wangu.

Sikuwa nimeambiwa. Walinificha, yeye na bibi yake na mwalimu, ili iwe furaha. Alisimama mbele yangu na gauni lake la Jumapili, mikono imeshika pindo, na wote tukaegemea mbele, maana kila mtu pale alijua kwamba mtoto huyu haongei. Mwalimu alikuwa nyuma yake, midomo inatikisika pamoja naye. Ilichukua muda. Nilimwona bibi yake, kati ya akina mama, amefumba macho.

"Mgeni rasmi," akasema, na sauti ilikuwa ndogo lakini ilifika. "Uji wetu unanyeshewa. Tunaomba utujengee jiko."

Mwalimu akaziba mdomo kwa mkono. Mama mpishi alipiga kofi moja, akajizuia. Nilimpenda yule mtoto wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu, na nikasimama nimpe jibu linalomstahili. Hapo ndipo ilipotokea. Mtu ameniomba mbele ya hadhara, kwa heshima, kwa maneno yaliyopangwa, na mimi nimevaa koti la posa. Ulimi ulinyanyuka kabla yangu.

"Binti," nikasema, "umesema vizuri sana. Lakini naona mmepotea njia. Hapa hakuna jiko. Hata kuni hatuna."

Wazee wakaangua kicheko. Akina mama wakapiga vigelegele. Hilo ndilo lililonimaliza, maana msemaji akichekewa ni kama ng'ombe aliyeona chumvi. Na kule nyuma, mzee mmoja jirani yangu ambaye hukaa upande wa kuomba kila ninapokaa upande wa kukataa, alikohoa, akavua kofia, akasimama. Akasema wao ni wageni waliotoka mbali, wamesikia kwamba katika boma hili kuna jiko zuri lenye tabia njema, na hawataondoka bila hilo. Nikamjibu kwamba jiko hilo limekwenda utawani. Akasema basi watalisubiri litoke. Nikasema lina umri mdogo, bado halijajua kuchemsha maji. Jamani, tulikuwa katika hali nzuri siku ile. Tulipokezana, tukazunguka, tukapanda, tukashuka, na wazazi walishika mbavu.

Nakumbuka kwa pembe ya jicho kwamba mtoto alibaki amesimama mbele yangu kwa muda, akanitazama mimi, akamtazama mwalimu, kisha akageuka akaenda kukaa na wenzake. Nakumbuka pia uso wa mwalimu, ambao haukuwa unacheka. Niliviona vyote viwili nikaviweka kando, kwa kuwa nilikuwa nimepata sentensi tamu kuhusu jiko na mahari.

Nilikuwa nimebakiza mzunguko mmoja kufika kwenye ndiyo. Niliipanga iwe kubwa: ningetangaza kwamba sisi wenyeji tumekubali, na kwamba nguzo zote zitatoka kwenye mikaratusi yangu. Nikavuta pumzi. Mvua ikashuka. Wote tukakimbilia darasani, na mvua ya masika juu ya bati haina mgeni rasmi. Nilipanda juu ya dawati nikapiga kelele kwamba tumekubali, na mtu aliyekuwa karibu yangu kabisa akaweka mkono sikioni na kutikisa kichwa. Watu wakaagana kwa ishara. Shughuli ikaishia hapo, na ndiyo yangu ikabaki tumboni.

Nilirudi nyumbani nimelowa na nimefurahi. Nilimwambia mke wangu kwamba haijawahi kutokea Siku ya Wazazi kama ile. Alikuwa anamkausha mtoto miguu karibu na moto, hakunitazama.

"Umemkatalia mtoto," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia yeye mwenyewe aliposwa hivyohivyo, wajomba zake walikataa mpaka giza likaingia. Akasema anajua, yeye alizaliwa humo, lakini huyu mtoto wa Nemba amewahi kuona posa gani? Nikageuka nimweleze mjukuu wangu. Nikamweleza vizuri, na mifano, kwamba babu hakukataa, babu alikuwa anakubali kwa njia ya kukataa, na kwamba ni heshima. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu kama mtu mzima anayesikiliza tangazo la kanisani. Akasema, "Ndiyo, babu." Nikaona mambo yamekwisha.

Kesho yake nilikaa mlangoni kama kawaida. Hakuna sauti iliyoniita. Alipotaka maji alivuta kigoda, akapanda, akachota mwenyewe, nusu ikamwagika kifuani. Jioni viazi vilikuwa havina chumvi, mimi mwenyewe nilivisikia, lakini alikula akanyamaza. Viatu alivaa wa kulia kushoto, akaenda hivyo. Nilimuuliza kama anataka nimbebe kuvuka maji, akasema hapana, asante. Ikapita siku nyingine hivyo, na nyingine. Hakununa, hakulia, alicheka na bibi yake vizuri tu. Ila alikuwa ameacha kuomba. Niliumia kuliko nilivyotarajia, nikawa najipitishapitisha mbele yake na vitu mikononi, ndizi, muwa, nikingoja aombe, na yeye ananipisha njia.

Nikaenda kwa mwalimu. Nilimkuta chini ya kile kibati, anamsaidia mama mpishi kuukinga moto kwa mwili wake. Alinisalimia kwa heshima ileile, na nikamuuliza habari za mjukuu. Akasema amerudia ukimya kabisa, hata na mharage haongei. Nikaanza kumweleza mila yetu, jinsi kukataa kulivyo kukubali. Alinisikiliza huku anafuta moshi machoni.

"Mzee, ulipokataa mimi nilidhani kweli huna cha kutoa," akasema. "Tuliona una ile mikaratusi, ndiyo maana tukakuomba wewe uje. Na tukamchagua yeye aseme, kwa sababu tulijua mjukuu wako hutamnyima."

Nilisimama pale na mwavuli wangu. Kumbe hawakuuita ulimi. Waliita miti. Hotuba yote ile ya migombani, hakuna aliyekuwa anaingoja, walikuwa wanangoja niseme neno moja ambalo hata mtoto wa chekechea analijua, na mimi nikalizunguka hadi mvua. Lakini hilo nililimeza. Lililonikaa rohoni ni lile la pili, kwamba yule mtoto alikusanya sauti yake yote, miezi ile yote, akaja nayo kwa mtu ambaye yeye alidhani hatamnyima. Niliona aibu ambayo sikuweza kuitafutia mzaha, na ninajua kutafuta mzaha.

Asubuhi iliyofuata niliingia kwenye mikaratusi na shoka. Mzee mwenzangu, yule wa upande wa kuomba, alisikia mlio akaja, akauliza kama hiyo ndiyo ile "ndiyo" yenyewe. Nikamwambia ashike upande wa pili wa nguzo. Tulizishusha kilimani mbili mbili, tukiteleza, na nina hakika kwamba watu wa kilima cha pili waliacha kulima ili watutazame. Bati nililing'oa kwenye banda langu la mbuzi. Mbuzi walinichukia, na walikuwa na haki.

Sijui kujenga. Nimeishi miaka yote hii nikidhani najua, kwa kuwa nimewahi kusimama karibu na watu wanaojenga nikitoa ushauri. Shimo la kwanza lilijaa maji, la pili lilikuta jiwe, na nguzo ya tatu ilikuwa fupi kuliko wenzake kwa sababu niliipima kwa macho yangu. Wazazi wengine waliona, wakaja, mmoja na nyundo, mmoja na kamba, akina mama wakakanyaga udongo wa kukandika, na watoto wakapewa kutengeneza madonge madogo. Mjukuu wangu alitengeneza madonge yake kimya, akayapanga, akarudi kukaa. Nilitaka sana kusema kitu. Kila nilipofungua mdomo nilimwona mke wangu ananitazama kutoka kwenye udongo, nikaufunga.

Jiko lilipokamilika lilikuwa limeinama upande mmoja, na linabaki limeinama hadi leo, lakini halivuji. Mwalimu alisema nifike siku ya kwanza ya kupika ndani. Nikaandaa maneno machache ya ufunguzi. Machache kweli. Mke wangu alinikuta migombani nayafanyia mazoezi, akanirudisha nyumbani kwa kunishika mkono wa koti, akanivua hilo koti, na kuniambia nitakwenda na shati la shamba na mdomo uliofungwa, au nisiende.

Nilikwenda hivyo. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ile ya kulala ubavu hasa, na ndani ya jiko moto ulikuwa umetulia. Mama mpishi alikuwa na jipu mkononi, mwalimu akaniambia, "Babu, leo tusaidie kupakua," akanipa upawa. Watoto wakapanga mstari kutoka darasani, vichwa chini ya ukingo wa bati, kila mmoja na kikombe chake. Mwalimu amewazoesha: unafika, unasema naomba uji, unapewa, unasema asante. Wakaja mmoja mmoja. Naomba uji. Asante. Naomba uji, babu. Asante, babu. Wengine walikuwa wanaimba kabisa.

Nilimwona mjukuu wangu tangu akiwa mbali kwenye mstari. Mwalimu alikuwa ameniambia kwamba yeye hunyoosha kikombe tu, na mama mpishi humpakulia. Nilikuwa nimeamua nami nitampakulia tu, sitamlazimisha, sitamchekesha, sitamweleza. Kwa kumtazama yeye nikamwagia mtoto wa mbele yake uji kidogo kwenye kidole, nikamwomba radhi.

Akafika. Alisimama mbele ya sufuria na kikombe chake cha plastiki cha kijani. Hakukinyoosha. Alitazama juu kwenye bati la mbuzi, akatazama ukuta, nadhani alikuwa anatafuta madonge yake, kisha akanitazama mimi. Ulimi wangu uliniletea mambo mengi wakati ule, mazuri mazuri, nikayaacha yapite.

"Babu, naomba uji," akasema.

Nikachovya upawa. Lakini alikuwa hajamaliza. Alisogeza kikombe karibu kidogo na kifua chake, na sauti ikashuka.

"Kama upo."

Sufuria ilikuwa imejaa hadi shingoni, mvuke wake unampiga usoni.

"Upo," nikasema.